Mume Mwenye Cheti

Habari za cheti zililetwa na Mulei, nyapara wa bwawa, Jumamosi moja saa za jioni. Alisimama mlangoni akakataa kiti, na mtu akikataa kiti nyumbani kwa rafiki yake, ujue hakuleta neno jema.

"Jeconia, kuna sheria mpya," alisema. "Hakuna mtu ataingia chini ya maji tena bila cheti ya daktari. Hata wewe."

Jeconia alikuwa ameketi kitandani, mkewe Selpha akimsafisha sikio la kushoto kwa unyoya wa kuku na maji ya chumvi. Usaha ulikuwa ukitoka tangu katikati ya wiki. Aligeuza kichwa ili asikie kwa upande uliobaki.

"Cheti ya nini? Mimi nimezamia tangu bandari ya Kisumu. Mlango ya bwawa ikikwama, nani huifungua? Daktari?"

"Watu wamekufa huko ng'ambo, ndani ya maji. Sasa wakubwa wamekaa wakaandika sheria ya dunia yote. Mzamiaji apimwe masikio, apimwe kifua, apimwe moyo. Asiyepita anatoka kazini." Mulei aliutazama ule unyoya, akatazama pembeni. "Na anatoka kwa nyumba ya kampuni."

Tuseme kweli mapema: sheria yenyewe ilikuwa njema. Iliandikwa na watu waliochoka kuvuta maiti majini. Lakini sheria njema ikianza safari Ulaya hupita mikono mingi kabla ya kufika Ruiru, na kila mkono humega kipande chake. Hadi inafika kwa akina Jeconia, wema wote umeshaliwa njiani, yamebaki makali tu.

Mulei alipoondoka, Selpha aliendelea kufuta sikio. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mawe katika laini za wafanyakazi, na Apiyo, binti yao, alikuwa amelala kwenye gunia karibu na jiko. Nje ya chumba hicho hawakuwa na mahali. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari, mtu asiye na kazi Ruiru hakuulizwa mara mbili, alipandishwa lori la askari akapelekwa kizuizini.

"Hili sikio halitapita," Selpha alisema.

"Litapona."

"Mwaka jana ulisema litapona."

* * *

Philip, mdogo wake Jeconia, alikuja Jumapili baada ya kanisa, kama kawaida yake. Alifanya kazi kiwanda cha ngozi Thika, na hata akioga kwa sabuni nzima, harufu ya ngozi mbichi iliingia mlangoni kabla yake. Apiyo alimrukia akimwita Baba, kwa maana kwao ndugu ya baba ni baba.

Wazo lilikuwa la Selpha. Hilo nalo tulitaje mapema, maana baadaye litamla.

"Shemeji," alimwambia Philip akimimina chai, "masikio yako mazima?"

"Mazima. Nasikia hata kelele za tumbo lako, shemeji."

"Basi nenda wewe kwa daktari. Mama yenu mmoja, urefu mmoja, nyote mmeng'olewa meno sita ya chini kimila. Mzungu atajuaje?"

Jeconia alicheka. Philip hakucheka mara moja, aliuliza, "Na jina?"

"Utasema Jeconia. Ulimi utakatika?"

Asije mtu akawahukumu haraka. Katika laini zile, kuazimana mwili hakukuwa dhambi. Ndugu alitumikia siku za kifungo cha ndugu yake mgonjwa. Ndugu alisimama kwenye foleni ya kazi akaitika jina la ndugu aliyechelewa kutoka nyumbani. Hata ndugu akifa, ndugu yake ndiye huingia kuishika nyumba yake isianguke. Sasa masikio ni kitu gani?

"Nitapimwa," Philip alisema mwishowe. "Lakini kupimwa tu! Mimi maji hapana. Hata Mto Chania navuka kwa daraja na bado nafumba macho."

Walicheka wote watatu, na Selpha akamwongezea kipande cha mkate.

* * *

Daktari wa Thika alimvua Philip nguo zote mbele ya karani na mfagiaji. Akamrukisha, akampulizia masikioni, akamgonga kifua, akampanua mdomo kwa kijiti. Mfagiaji aliendelea kufagia akiizunguka miguu yake.

"Alama ya mwili?" karani aliuliza.

"Meno sita ya chini, hakuna," daktari alijibu bila kutazama juu.

"Jina?"

"Jeconia," Philip alisema.

Karani alishika kidole gumba chake, akakibiringisha kwenye wino, akakikandamiza juu ya karatasi. Philip alivaa suruali akiwa na furaha ya mtu aliyeambiwa na Serikali kwamba ni mzima. Aliwaza, kama si kwa ajili ya ndugu yake, nani angejishughulisha kujua kwamba moyo wake ni mzuri?

Jioni walikunywa chai ya maziwa, na Mulei alialikwa, na kwa kuwa chai ya maziwa hulegeza ndimi kama pombe, Philip alimweleza yote. Mulei alitikisa kichwa. "Aiya! Nyinyi watu wa ziwa nyinyi!" Lakini alikunywa kikombe cha pili. Jeconia alikiinua cheti juu, akakisoma kwa kujidai ingawa hakujua Kiingereza.

"Nimepona," alisema. "Imeandikwa hapa."

* * *

Kabla ya cheti kuja, kazi ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi Mulei, ambaye ndiye aliyeshika kamba ya mzamiaji, alimwuliza Jeconia, "Sikio liko namna gani?" Jeconia akisema baya, Mulei alimdanganya Bwana Tindall, injinia wa kampuni, kwamba pampu ya hewa inavuja au kamba imelowa, na kazi iliahirishwa mpaka kesho. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo. Iliwaweka hai tu.

Sasa mvua za masika zilikuwa zimeanza. Magogo na matope yalikuwa yameziba mlango wa chini wa bwawa, maji yakipanda, na chini ya bwawa kulikuwa na mashamba ya kahawa ya watu wasiokubali hasara. Jeconia alifika akiwa na mafua, pamba imechomekwa sikioni.

"Kichwa inazunguka kidogo," alimwambia Mulei kwa sauti ya chini. "Sema pampu inavuja."

Mulei alikwenda. Bwana Tindall alimsikiliza mpaka mwisho, akaikagua pampu mwenyewe, akaikuta nzima.

"Yeye iko na cheti?" aliuliza.

"Iko, Bwana. Lakini leo anasema kichwa..."

"Daktari nasema yeye mzuri. Wewe iko daktari?"

Mulei hakuwa daktari. Alirudi akamfunga Jeconia vazi la turubai, akamvika viatu vizito vya madini ya risasi, akamwinamishia kofia ya shaba. Kabla ya kuikaza, Jeconia alisema, "Mwambie mama Apiyo leo nitakula samaki, asipike maharagwe." Mulei akaikaza.

Huko chini, gizani, sikio lilipasuka. Maji yalikuwa nje ya kofia, hayakumgusa hata tone, lakini dunia ilipinduka, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Alitapika. Ndani ya kofia ya shaba matapishi hayana pa kwenda. Alivuta kamba ovyo, na Mulei akaanza kumvuta akipiga kelele, wanaume wanne wakisaidia, lakini mguu ulikuwa umenasa kwenye magogo. Walipomtoa na kuifungua kofia, Bwana Tindall alitazama mara moja akageuka. Ndiyo kwanza aone uso wa Jeconia kwa karibu. Miaka yote hiyo, kwake Jeconia alikuwa kofia.

* * *

"Usipige nduru," Mulei alisema. Alikuwa ameingia na kufunga mlango kwa mgongo. "Mama Apiyo, nakuomba kwa Mungu. Usipige nduru."

Kwa watu wa Selpha, mume akifa mke ndiye wa kwanza kulia. Hutoka nje mikono kichwani, akakimbia, akaliita jina lake mpaka watu wa ng'ambo ya pili wasikie. Asiyelia husemwa kwamba ndiye aliyeua. Selpha aliingiza pindo la leso mdomoni, akaliuma. Macho yalimtoka.

"Mkaguzi anakuja kutoka Nairobi," Mulei alinong'ona. "Sheria mpya inasema mzamiaji akifa, kidole yake kinapimwa na cheti. Kidole haitakuwa sawa. Watauliza ni ya nani. Philip anaenda kizuizini, siku hizi karatasi ya uwongo si mchezo. Na wewe pia, maana wazo ni yako. Apiyo atabaki na nani?"

"Na wewe, Mulei?"

Mulei aliinamisha uso. "Na mimi. Nilijua."

"Unataka niseme nini?"

"Sema humjui. Cheti ni ya Jeconia, kidole ni ya Philip. Basi Philip ndiye Jeconia, yuko hai, siku hiyo alikuwa mgonjwa. Huyu mwingine ni mtu aliingia tu."

Selpha aliitoa leso mdomoni. "Wenzake wote wa laini wanamjua!"

"Nani atawauliza?"

Na kweli, hakuna aliyewauliza.

Philip alifika jioni ile, Mulei akiwa amemwita kwa simu ya kampuni, akisema kaka yake mgonjwa. Alipoambiwa ukweli alianguka kwenye sakafu ya saruji akaishika miguu ya Selpha. Aliomba kama mtoto. Alisema ana mama mmoja, na mama huyo sasa ana mtoto mmoja. Alisema, "Yeye amekwisha kwenda, shemeji. Mimi bado." Selpha alimchukia kwa neno hilo, kisha akaona kwamba ni kweli, akamchukia zaidi.

* * *

Chumba cha maiti Thika kilinuka dawa ya sakafu. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye adabu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakumfokea mtu. Alitaka kila jambo liwe sawasawa, na watu wa namna hiyo wakikosea huwezi hata kuwatukana.

Alipanua mdomo wa maiti. Meno sita ya chini, hakuna. Akatazama cheti, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akashika kidole gumba, kigumu na baridi, akakipaka wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Alitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Halafu akakiita kidole cha Philip, Mulei akimsukuma mkono mbele.

"Hii," mkaguzi alisema akionyesha cheti. "Hii na hii, sawa. Ile ya maiti, hapana."

Bwana Tindall aliiachia pumzi aliyokuwa ameizuia. Mzamiaji mwenye cheti akifa kazini, kampuni hulipa na kusemwa. Mtu asiyejulikana akijiingiza majini, kampuni husikitika tu.

"Mama," mkaguzi alimwita Selpha kwa upole. "Kuja hapa. Huyu iko bwana yako?"

Selpha alisogea. Walikuwa wamemfunika mpaka kidevuni. Nywele zilikuwa na matope bado. Katika sikio la kushoto ilikuwepo ile pamba, ile aliyoikunja yeye mwenyewe asubuhi ile na kuichomeka kwa kidole, akisema, "Usiitoe mpaka urudi." Hakuitoa.

"Simjui," alisema.

"Tazama mzuri."

"Nimetazama. Simjui mtu huyu."

"Na bwana yako?"

Alinyoosha mkono kumwonyesha Philip. "Ni huyu."

Mkaguzi aliandika. Maiti ingezikwa na wafungwa kwenye makaburi ya wasio na watu, nyuma ya mji. Selpha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mboga, kama watu wanaweza kumchukua kumzika kwao. Mkaguzi aliinua uso.

"Kwao wapi, mama? Wewe nasema hapana jua yeye."

Mulei alimshika mkono akamtoa nje. Philip aliwafuata, na kwa kuwa mkaguzi alikuwa anatazama dirishani, akamwekea Selpha mkono begani kama mume. Selpha aliuacha mkono huo hapo. Alitamani kuuma.

Walipokuwa wakingoja gari, mkaguzi alitoka na Bwana Tindall. Alisema mengi kwa Kiingereza, Tindall akiwa mwekundu shingoni. Mwisho alimgeukia Mulei akasema kwa Kiswahili, ili nao wasikie.

"Hapana mtu bila cheti kwenda chini tena. Bwawa najaa. Kesho asubuhi, Jeconia nakwenda chini, nafungua mlango. Mimi nakaa, naona kwa macho."

"Bwana," Mulei alisema, "Jeconia alikuwa mgonjwa. Apumzike kidogo."

Mkaguzi alimtazama Philip toka juu hadi chini, kwa huruma kabisa, kisha akatazama cheti. "Tumbo, kifua, masikio, mzuri sana. Namba moja."

Bwana Tindall alikuwa akimtazama Philip pia. Kama alijua, hatuwezi kuapa. Lakini alikuwa ameuona uso wa maiti mara mbili sasa, na hakuwa kipofu. Alifungua mlango wa gari, akaingia.

* * *

Jioni hiyo Philip alikaa kwenye kitanda cha kaka yake bila kujiegemeza.

"Sema ukweli, shemeji. Nenda kwa mkaguzi useme."

"Jana uliniomba niseme uwongo."

"Jana sikujua!"

"Nikisema ukweli leo, Jeconia atafufuka? Wataniuliza kwa nini nilimkana. Watatufunga sote, na yeye bado atabaki kwa wale wafungwa." Alisimama. "Kidole chako ndicho kimemnyima kaburi."

"Kidole changu. Wazo lako."

Mulei, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, alisema taratibu, bila kumtazama mtu, "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga." Walitamani wampige. Hakusema kwa kejeli. Alikosa kitu kingine cha kusema.

"Nitatoroka," Philip alisema.

"Uende wapi?" Mulei aliuliza. "Daraja lina askari. Ukitoroka watajua, na watarudi kwa huyu mama."

Apiyo alitoka kwenye gunia akauliza baba yake wa bwawa atarudi lini. Selpha alimwambia amekwenda nyumbani, ziwani. Mtoto akauliza kwa nini hakuaga. Hapo Selpha alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa Philip, akashika upande wa pili, ili mikono yake ifanye jambo.

"Sikiliza. Ukivuta mara moja, ni kusema uko sawa. Ukitaka kutoka, vuta mara nne. Usivute ovyo. Yeye alivuta ovyo."

Philip alivuta. Moja. Kisha nne. Alikuwa akilia, na kamasi zilimwingia mdomoni. Walirudia mpaka mafuta ya taa yakaisha.

* * *

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Watu wa laini walisimama ukingoni mwa bwawa, wote wakijua, wote wakitazama miguu yao. Mkaguzi aliikagua pampu, akaikagua kamba, akaukagua mpira wa kupitishia hewa urefu wake wote kwa vidole, akatafuta tundu asilione. Aliridhika. Haikuwahi kutokea kazi ya bwawa lile ikafuatwa kwa usalama namna ile.

Walimvika Philip vazi la kaka yake. Lilikuwa limeoshwa, lakini si vizuri. Aliisikia harufu shingoni, akajua ni ya nini, akataka kulivua. Wawili walimshika kwapani. Walimvika viatu vya risasi. Alimtafuta Selpha kwa macho.

"Shemeji," alisema. Kisha akakumbuka mkaguzi, akajirekebisha. "Mama Apiyo."

Mulei aliinua kofia. Shaba iligonga kidevu cha Philip. Akaikaza. Nyuma ya kioo ulibaki uso mdogo, mdomo ukienda, sauti haisikiki.

Ndipo Selpha alipoanza. Mikono ilipanda kichwani yenyewe. Nduru aliyoiuma siku ile katika leso, aliyoimeza mbele ya ile pamba sikioni, ilitoka yote. "Uwi! Jeconia! Jeconia yaye!" Alikimbia ukingoni kwenda na kurudi, akajitupa matopeni, akamwita mume wake kama anavyopasa kuitwa mume aliyekufa, kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa jina la kijiji chake. Wanawake wa laini walijua ni yupi anayeliliwa. Mmoja aliitikia, kisha wa pili, mpaka ukingo wote ukawa matanga. Mkaguzi alishtuka, akamtazama Tindall.

Maji yalifika kifuani mwa Philip, yakafika kwenye kioo, yakaifunika kofia. Kamba ilianza kupita mikononi mwa Mulei.

"Ambia hiyo mama nyamaza," Bwana Tindall alisema. "Bwana yake iko na cheti."